Kapteni wa Lifti Ajifunza Kushuka

Kapteni hakuwa na meli wala jeshi. Alikuwa na lifti moja kuukuu katika jengo la ofisi lenye ghorofa nane, na humo ndani ya lifti alikuwa na stuli yake ndefu, redio ndogo ya betri, na kitambaa cha kufutia vitufe. Jina hilo walimpa watu wa jengo kwa namna alivyokaa: mgongo wima, mkono mmoja karibu na vitufe, macho mbele, utadhani anakipitisha chombo katikati ya miamba. Mwenyewe alilipenda. Hata mkewe, siku akiwa na furaha, alimwita hivyo hivyo.

Lifti nyingi siku hizi hazina mtu. Unabonyeza mwenyewe, unapanda mwenyewe, basi. Lakini hii ilikuwa na kichwa kigumu. Mlango wake, hasa ghorofa za juu, ulikuwa ukigoma mpaka usukumwe kwa bega, na kila ilipofika kwenye ghorofa ilisimama chini kidogo ya sakafu, upana wa kiganja tu, lakini kiganja hicho kilitosha kumwangusha mtu mzima na mafaili yake yote. Mafundi walikuja, wakafungua, wakakuna vichwa, wakafunga. Mwishowe wenye jengo wakaona heri wamweke mtu. Kwa miaka thelathini na mmoja Kapteni aliwapandisha watu na kuwateremsha, na kila mlango ulipofunguka alisema maneno yale yale mawili, kwa sauti ile ile ya upole: "Angalia hatua."

Mkewe alikuwa mkunga, na yeye alikuwa mtu wa miguu hasa. Alikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, na huko wodini alitembea usiku kucha kutoka kitanda hadi kitanda. Barabarani aliwapita watu kama waliosimama. Wauguzi wenzake walimwita Mama Upepo. Alikuwa akiingia zamu ya usiku kwa sababu, alisema, watoto wengi hupenda kuja duniani wakati watu wamelala. Ikawa kila asubuhi wanaonana mlangoni, yeye anaingia, mume anatoka. Chai waliinywa wamesimama, kisha mmoja kitandani, mmoja kazini. Watoto wawili walilelewa hivyo, wakakua, wakaoa na kuolewa, na wazee wao bado walikuwa wanaonana mlangoni. Na siku chache walizotoka pamoja, arusini au msibani, Mama Upepo alitangulia. Kapteni alikuwa akisema kwa utani kwamba anamjua mkewe vizuri zaidi kwa kisogo kuliko kwa uso. Alisema kwa utani, lakini hakuwa anatania sana.

Mama Upepo alipostaafu, wenzake wa wodini walimpa zawadi ambayo hakuna aliyeitegemea. Si kitenge, si seti ya vikombe. Ilikuwa safari ya matembezi milimani, siku tano, watu wawili, pamoja na kundi dogo na kiongozi wa njia. Mnatembea mchana kutwa, jioni mnalala kwenye kibanda cha mbao, kesho mnaendelea hadi kibanda kingine. Tarehe ilikuwa imeshapangwa, miezi mitatu mbele. Mkunga aliiweka ile barua mezani na kuilainisha kwa kiganja.

"Siku tano, mume wangu," alisema. "Asubuhi mpaka jioni. Hakuna zamu."

Kapteni alifurahi mpaka alipogeuza ukurasa wa pili. Huko kiongozi alikuwa ameandika masharti yake. Kila msafiri awe anaweza kutembea saa sita kwa siku na mkoba wa kilo saba mgongoni, kupanda na kushuka, na kesho yake aamke afanye vile vile. Mwezi mmoja kabla ya safari kutakuwa na siku ya majaribio kwenye kilima nje ya mji. Atakayeshindwa atabaki, si kwa ubaya bali kwa usalama wake na wa wenzake.

Kapteni aliukaribia umri wa miaka sitini. Alikuwa na tumbo la kiasi, na miguu aliyoitumia zaidi kufika kwenye stuli. Akamuuliza mkewe, kama mtu anayeuliza habari za jirani, je, ikitokea mmoja ameshindwa, mwingine si anaweza kwenda na rafiki?

"Usipokwenda, siendi," mkewe akamjibu, na hakuinua macho. "Kutembea peke yangu nimetembea miaka arobaini. Sikuchoka miguu, nilichoka upweke."

Hapo Kapteni akajua mzigo alioubeba si wa kilo saba.

Mtu wa kwanza kupelekewa habari alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi viatu mwenye kibanda mkabala na lile jengo. Kapteni alitaka amtafutie buti za kutembelea. Shemeji aliweka nyundo chini, akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye soli, kisha akamwambia ageuke. Kapteni, bila kufikiri, akageuka.

"Ndiyo hivyo," shemeji alisema. "Miaka yote hii nakungoja kama mteja, kumbe wewe ni wa fundi cherehani. Soli zako mpya, suruali ndiyo imeisha upande wa kukalia. Unataka buti za nini, shemeji? Nikushonee kiraka?"

Hata hivyo buti alimtafutia, za mtumba lakini ngozi nzuri, akazibadilisha soli mwenyewe na kuzipaka mafuta mara mbili. Utani ni utani na udugu ni udugu.

Mkunga alikuwa akiamka alfajiri na kuzunguka uwanja wa mpira, akamwalika mumewe waende wote. Kapteni alikataa. Alikuwa amekwenda siku moja tu, akaona kisogo kikitokomea upande wa pili wa uwanja, ikamtosha. Alisema atafanya mazoezi yake kimyakimya, na siku ya majaribio amshangaze. Na kwa nini ahangaike kutafuta mlima, wakati mlima alikuwa nao kazini? Pembeni ya lifti palikuwa na ngazi. Vipandio ishirini na viwili kila ghorofa. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuvikanyaga vyote.

Jioni ya kwanza, watu walipoondoka, alivua koti akaanza. Ghorofa ya pili alikuwa mzima. Ya tatu moyo ukaanza kumpiga masikioni. Ya nne akakaa kwenye kipandio. Karani wa ghorofa ya tano, mama mmoja mnene mcheshi ambaye kila siku alikuwa wa mwisho kutoka, alimkuta hapo akihema, akashtuka na kumuuliza kama lifti imeharibika.

"Lifti nzima, mama," Kapteni alisema. "Mbovu ni mimi."

Lakini alikuwa mtu wa kurudia kitu kile kile kila siku bila kuchoka. Ndiyo kazi yake ilivyomfundisha. Alipanda kila jioni. Wiki ya tatu alifika ghorofa ya nane bila kukaa. Wiki ya tano akaongeza mkoba. Karani alimpa vitabu vya simu vya zamani, ambavyo namba zake hazipatikani tena, wakavipima kwenye mizani ya duka la jirani, vikatimia kilo saba kamili. Wiki ya saba alikuwa anapanda ngazi zote mara nne kwa jioni moja na mkoba mgongoni, mashati yakawa yanamlegea tumboni, na asubuhi akawa anaimbia chai.

Na hapa ndipo kosa lilipokuwa, kosa ambalo sidhani mtu wa kazi nyingine angelifanya. Kila alipofika juu, Kapteni alibonyeza kitufe. Lifti ikaja. Akaingia, akakaa kwenye stuli, akafuta jasho, akafungulia redio, akateremka hadi chini. Kisha akaanza tena kupanda. Kwenye barua alikuwa amesoma kupanda na kushuka, alisoma vizuri, tena kwa miwani. Lakini kichwani mwake kushuka hakukuwa kazi. Miaka yote alikuwa anaisikia lifti yake ikipanda na watu inaguna, ikishuka inanong'ona. Kushuka ni kitu kinachokuja chenyewe.

Siku ya majaribio walikuwa watu wanane. Kiongozi alikuwa binti wa umri wa binti yao, mtulivu, mwenye kofia pana na fimbo nyembamba. Aliwaamkia wazee shikamoo, akainua kila mkoba kwa mkono kuona uzito, na alipoinua wa Kapteni akauliza kuna nini ndani. Kapteni akamwambia ni marafiki wa zamani.

Kupanda kulichukua saa mbili na nusu. Kapteni alipanda kama mtambo. Hatua moja, hatua nyingine, pumzi kwa mpangilio, wala hakuangalia juu. Vijana wawili aliwapita. Mbele yake kile kisogo alichokizoea hakikutokomea, na mara tatu kikageuka kikawa uso, na uso ule ulikuwa umeshangaa kweli. Kileleni mkewe alimpa nusu ya mkate wake na yai zima. Kapteni alitazama mji ulivyokuwa mdogo kule chini, akavimba kichwa kidogo.

Kisha wakaanza kushuka.

Robo saa ya kwanza ilikwenda vizuri, akawa hata anasimulia mambo ya kazini. Baada ya hapo mapaja yakaanza kuwaka moto. Magoti yakatetemeka kama mguu wa cherehani. Kila hatua aliyoitupa chini ilimrudia mpaka kiunoni, na vidole vya miguu vikagonga mbele ya buti. Akashika miti. Miti ilipokwisha akashuka upande upande, na upande uliposhindikana akakaa chini, akateleza kwa makalio kwenye udongo na changarawe, mzee mzima, na wale vijana wawili wakampita wakijitia hawajaona. Suruali iliisha pale pale alipotabiri shemeji. Wenzake walingoja chini zaidi ya saa nzima, na alipofika kwenye gari, mkewe ilibidi amshike mguu kwa mikono miwili amwingizie ndani, kama anavyosaidiwa mtoto.

Kiongozi alikuja akachuchumaa karibu na mlango.

"Baba, umepanda vizuri kuliko wote," alisema. "Ulifanya mazoezi gani?"

Kapteni akamweleza habari za ngazi, ghorofa nane mara nne.

"Na kushuka?"

"Kushuka nilitumia lifti."

Binti yule hakucheka. Aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa, akakaa nayo kitambo. Alipoinuka alimweleza polepole kwamba mguu ukipanda unasukuma, ukishuka unazuia, na hizo ni kazi mbili mbalimbali. "Injini unayo, baba. Breki ndiyo huna." Siku ya tatu ya safari, alisema, ni kushuka tu kuanzia asubuhi, na hawezi kumchukua mtu akambebe katikati ya njia. Akampa wiki tatu kabla hajafunga orodha. Arudi kilimani, apande ashuke, na kesho yake asubuhi atakuja mwenyewe kazini kwake amtazame miguu, kwa sababu kutembea siku moja wengi wanaweza, kinachowashinda ni kuamka siku ya pili.

Siku ya pili Kapteni aliijua vizuri. Alikwenda kazini akitembea kama mtu aliyefungwa mbao miguuni. Kukaa kwenye stuli hakuweza, kwa sababu mbili, akasimama kutwa. Shemeji alivuka barabara makusudi kuja kupanda lifti, akaenda naye hadi juu na kurudi, akamtazama tu na kutabasamu.

Jioni mkewe alimkandakanda magoti kwa dawa ya kuchua. Barua ilikuwa imechomekwa ukingoni mwa kioo. Buti zake mkunga zilikuwa mlangoni, zimesafishwa, kamba zimeviringishwa ndani.

"Kama haiwezekani, tubaki hapa hapa," alisema. "Tutakunywa chai. Tumekaa."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomkata maini Kapteni. Akaangalia zile buti. Kesho yake jioni alipanda juu kwa lifti.

Sasa akafanya kinyume. Alipanda amekaa, akashuka ghorofa ya nane, akabonyeza kitufe cha chini na kuiacha lifti iende peke yake. Yeye akachukua ngazi na mkoba wake, akishika ukingo kwa mikono miwili, kipandio kimoja kimoja. Mlinzi wa mlangoni, ambaye hakuambiwa, aliona mlango wa lifti unafunguka wenyewe, redio inasoma habari, stuli ipo, kitambaa kipo, Kapteni hayupo. Alisimama pale na rungu lake akiwa hajui ampige nani, hadi alipowasikia watu wanahema kwenye ngazi na kumbe mhemaji ni mmoja.

Siku za mwanzo lifti ilimshinda kwa dakika kumi na moja. Kisha nane. Akajifunza hatua fupi, goti likunje kidogo, mguu uwekwe usitupwe. Wiki ya pili akaachia ukingo. Na jambo lingine likatokea bila kupangwa: Mama Upepo alianza kuja jioni na chupa ya chai, akakaa kwenye benchi la chini kumsubiri. Mara ya kwanza hakuweza kutulia. Alizunguka ukumbi wote, akasoma vibao vyote vya ofisi mpaka akavimaliza. Kusubiri kulikuwa kugeni kwake kama ngazi zilivyokuwa ngeni kwa mumewe. Karani, akipita kwenda nyumbani, alimwambia mama, wewe nawe uko kwenye mazoezi.

Mara ya pili kilimani walikwenda watatu tu. Kupanda hakukuwa na hadithi. Kushuka, Kapteni alikwenda taratibu kama mtu anayebeba mayai, mapaja yakamuuma lakini hayakutetemeka, wala hakugusa ardhi kwa kitu kingine isipokuwa buti na fimbo aliyoazimwa. Mkewe alitangulia, akapotea kwenye kona, akarudi kumwangalia, akapotea tena, akarudi. Chini kabisa kiongozi alimwambia mkunga kwa heshima zote kwamba leo mlima huu ameushuka mara mbili. Kwa Kapteni alisema tu watakutana kesho.

Kesho yake alifika mapema, kabla ya makarani. Mama Upepo naye alikuwepo, amesimama karibu na mlinzi, mikono kifuani. Kapteni alimpeleka mgeni wake ghorofa ya nane. Mlango ukagoma, akausukuma kwa bega, akamwambia aangalie hatua. Halafu akaituma lifti chini, akageukia ngazi.

Alikuwa ameamka na maumivu. Hakumwambia mtu. Ghorofa ya nane hadi ya sita alishuka akihesabu vipandio kwa moyo. Ghorofa ya tano alikohoa ili apate sababu ya kusimama, lakini hakusimama. Ghorofa ya tatu goti la kushoto likacheza, mkono wake ukauendea ukingo, ukaushika. Akashuka vipandio vitatu ameushika, kisha akauachia. Kiongozi alikuwa nyuma yake, akitazama miguu tu. Walipotokea ukumbini mlango wa lifti ulikuwa wazi, redio inapiga muziki, na mlinzi safari hii amekaa zake.

Mkunga aligeuka. Alimtazama binti yule kama yeye mwenyewe alivyokuwa akitazamwa na akina baba nje ya wodi.

"Anakuja," kiongozi alisema. "Lakini nina sharti. Baba atatembea mbele, nyuma yangu mimi. Anayekwenda polepole hukaa mbele ili wote wafuate mwendo wake. Na wewe, mama, utakaa nyuma yake. Humpiti."

"Siku zote tano?"

"Zote tano, mama."

Mama Upepo aliangalia miguu yake kama mtu aliyepewa majibu mabaya ya daktari.

"Hilo sasa ndilo jaribio," alisema. "Nitajikaza."

Kapteni alirudi kwenye lifti, akachukua kitambaa, akaanza kufuta vitufe ambavyo vilikuwa safi.

Baada ya wiki moja waliondoka. Njia ya siku ya kwanza ilikuwa nyembamba, ikipita kwenye nyasi ndefu. Kofia pana ya kiongozi ilikuwa mbele, kisha Kapteni, na nyuma yake hatua za mkewe. Hakuwahi kuzisikia kwa muda mrefu namna ile. Zilikuwa fupi, nyepesi, zenye haraka iliyozuiwa, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Saa ya kwanza mkunga alikuwa anamkanyaga visigino na kuomba radhi. Saa ya pili akatulia. Saa ya tatu, kwa kuwa hana la kufanya na mwendo ule, akaanza kumsimulia habari za wodini, habari za miaka na miaka ambazo hazikuwahi kutosha kwenye nusu kikombe cha chai: mapacha waliozaliwa umeme umekatika, baba aliyezimia mlangoni, mama aliyecheka mpaka mtoto akatoka. Kapteni alisikiliza, mgongo ukiwa wima.

Mbele kidogo njia ilivunjika, ikashuka ghafla, si sana, upana wa kiganja hivi. Kiongozi alipita. Kapteni akauweka mguu taratibu, akapita naye. Kisha, bila kugeuka, kwa sauti yake ile ya upole, akasema:

"Angalia hatua."

"Nimeiona, Kapteni," mkewe akajibu, palepale nyuma yake, na akaendelea na hadithi.